Mama, Nenda Ukatoe Maoni: Jinsi Kanuni za Serikali Zinavyotungwa

  Mimi ni muuguzi wa afya ya jamii, na kazi yangu ni hapa kisiwani, kuanzia Mji wa Kale mpaka Majengo na Tudor. Wengi mmezoea kunisikia nikizungumza juu ya chanjo, maziwa ya mama, na mtoto anayeharisha. Leo sitazungumza juu ya ugonjwa. Nitazungumza juu ya kikao. Tena kikao cha serikali, kile ambacho gari la kipaza sauti likipita mtaani likitangaza "maoni ya wananchi", wewe unageuza mahamri yako kwenye karai na kusema moyoni: hayo ni ya wanasiasa, si yangu.

Ni yako, mama. Nipe nafasi nikueleze kwa nini muuguzi amejitia katika jambo hili.

Kwanza tutenganishe maneno mawili, maana mara nyingi tunayachanganya. Kuna sheria na kuna kanuni. Sheria hupitishwa na Bunge la Taifa kule Nairobi, au na bunge la kaunti hapa kwetu. Kanuni hutungwa baadaye, na mara nyingi huandikwa na wizara, ili sheria ile ipate kufanya kazi. Chukua mfano wa harusi. Wazee wakikaa wakasema, "harusi itakuwa mwezi wa Mfunguo Tatu", hiyo ndiyo sheria. Lakini nani ataleta mchele, sufuria ni ngapi, wageni wa kike watakaa wapi, biriani itatoka saa ngapi, na aliyekuja bila kadi ataingia au atarudishwa, hizo ndizo kanuni. Na wewe unajua vizuri kwamba harusi huharibika au hufana kwa mambo hayo madogo, wala si kwa tarehe.

Basi ndivyo ilivyo serikalini. Sheria inasema kila Mkenya atapata matibabu. Kanuni inasema utalipa kiasi gani, lini, na ukikosa kulipa itakuwaje. Sheria inasema sigara zidhibitiwe. Kanuni inasema picha ya onyo kwenye pakiti itakuwa ya namna gani. Mambo yanayokugusa wewe mlangoni pako yako kwenye kanuni. Na kanuni, kwa kuwa ni ndefu na ina vifungu vingi, ndiyo watu hawaiendei.

Nije kwenye mambo ya Mombasa yetu.

Mnakumbuka shisha. Ilikuwa imeingia mpaka vichochoroni, na wasichana wa shule wakiambiwa kwamba si tumbaku bali ni moshi wa matunda tu. Nami nilisema wakati ule na nasema leo: maji yale ya kwenye chupa hayaondoi sumu. Anayevuta shisha anavuta nikotini, anavuta na moshi wa makaa, na Shirika la Afya Duniani limeeleza kwamba mtu akikaa na shisha kwa saa moja anaweza kuvuta moshi mwingi mara 100 hadi 200 kuliko wa sigara moja. Na bomba lile likizunguka midomo mitano, linazunguka pia na kikohozi cha mwenye kifua kikuu.

Tarehe 28 Desemba 2017 Waziri wa Afya alitoa kanuni za kupiga marufuku shisha nchi nzima. Sisi wauguzi tulifurahi. Lakini wenye biashara walikwenda mahakamani, na mwaka wa 2018 Mahakama Kuu ikasema hivi: marufuku ibaki, lakini waziri arekebishe utaratibu wa kanuni zake ndani ya miezi tisa. Miezi tisa, akina mama, muda mnaoujua vizuri. Mimba ingeingia na mtoto angezaliwa. Ikapita miezi tisa, ikapita miaka. Januari 2024, hapa hapa kwetu katika mahakama ya Shanzu, watu 48 walioshtakiwa kwa kuuza na kuvuta shisha waliachiliwa, na hakimu akasema marufuku ile haikuwa halali kwa sababu utaratibu ulioagizwa na Mahakama Kuu haukufuatwa. Wakuu wa kupambana na dawa za kulevya walisema baadaye kwamba kwao wao marufuku bado ipo. Lakini kijana wa maskani hasikilizi mabishano ya wanasheria. Yeye alichosikia ni kwamba watu wameachiliwa.

Hapo ndipo ninapotaka mshike. Shisha haikuponyoka kwa sababu mahakama ilisema ina faida mwilini. Iliponyoka kwenye utaratibu.

Sasa tuje kwenye muguka. Hili sina haja ya kuwaeleza sana, maana hakuna mtaa hapa kisiwani usiokuwa na kibanda chake. Majani machanga, bei ya chini, yanatafunwa na chingamu na soda. Kijana halali usiku, hali chakula, anaingiwa na hasira, na akiwa na matatizo ya akili yanazidi. Mama mjamzito anayetafuna anahatarisha mtoto wake kuzaliwa na uzito mdogo, na kwenye kliniki akina mama wajawazito wanaotafuna tunawaona, ingawa hatuwataji na hatutawataja.

Mei 2024 gavana wetu, Abdulswamad Shariff Nassir, alitoa amri ya kupiga marufuku kuingiza, kusafirisha na kuuza muguka katika kaunti ya Mombasa. Kaunti jirani nazo zikatoa amri za namna hiyo. Akina mama wengi walishangilia, na mimi nilikuwa miongoni mwao. Lakini kabla mwezi ule haujaisha, Mahakama Kuu ya Embu ilikuwa imekwisha kuisimamisha amri ile. Upande wa wakulima ulidai kwamba muguka ni zao linalotambuliwa na sheria ya taifa, na kwamba amri ilitolewa bila wananchi kushirikishwa. Serikali kuu nayo ilisimama upande huo, ikitaja Sheria ya Mazao ya 2013 na Kanuni za Miraa za 2023, ambazo zilipitia bungeni.

Tulia hapo, mama. Kanuni za Miraa za 2023. Kumbe majani yale yanayotafunwa nje ya mlango wako yana kanuni zake rasmi, zilizopita bungeni mwaka mmoja kabla ya amri ya Mombasa. Kanuni hizo zilipokuwa zikiandaliwa, mkulima alikuwa na kila sababu ya kusikiliza, maana ni shamba lake na ada ya watoto wake. Simlaumu. Nakuuliza wewe tu: uliwahi kusikia kwamba zinaandaliwa? Mimi niliyesomea uuguzi na ninayeshughulika na vijana hawa kila wiki, nilizisikia siku ambayo amri yetu ilikuwa ikipigwa nazo.

Msije mkadhani kila kanuni ya afya huanguka. Kuna iliyosimama, na inafaa tuitazame ilisimama kwa nini. Wizara ya Afya ilitunga Kanuni za Kudhibiti Tumbaku za 2014, zenye mambo kama picha za onyo kwenye pakiti na mchango wa fedha kutoka kwa wenye viwanda. Kampuni ya British American Tobacco ikaenda mahakamani ikidai, pamoja na mengine, kwamba haikushirikishwa ipasavyo. Ikashindwa Mahakama Kuu mwaka wa 2016, ikashindwa Mahakama ya Rufaa mwaka wa 2017, na tarehe 26 Novemba 2019 ikashindwa Mahakama ya Juu. Wizara iliweza kuonyesha barua, mikutano na maoni yaliyopokewa. Karatasi zile za mikutano, ambazo watu huziona ni upuuzi, ndizo zilizoilinda kanuni mbele ya kampuni tajiri.

Katika hukumu hiyo Mahakama ya Juu ilieleza pia ushirikishwaji wa umma unatakiwa uwe wa namna gani. Ilisema usiwe wa kuonekana tu, uwe wa kweli. Watu waelezwe kwa lugha inayoeleweka jambo gani linaamuliwa. Wapewe taarifa mapema na muda wa kutosha. Wafundishwe kwanza, ndipo waulizwe. Haikusema kwamba lazima kila mtu asikizwe kwa mdomo. Maoni ya kuandika nayo ni maoni. Wala haikusema kwamba utakalolisema litafuatwa. Hilo nalisema wazi ili mtu asije akenda mara moja, akakataliwa, akasusa.

Haki hii tuliipata wapi? Iko kwenye Katiba ya 2010. Kifungu cha 10 kinautaja ushirikishwaji wa wananchi kuwa miongoni mwa maadili ya taifa. Kifungu cha 118 kinalilazimisha Bunge, na kifungu cha 196 kinalilazimisha bunge la kaunti, kuwashirikisha watu. Halafu kuna Sheria ya Hati za Kisheria ya mwaka 2013, ambayo ndiyo hasa ya kanuni. Inamtaka anayetunga kanuni ashauriane na watu watakaoguswa nazo. Kanuni ikishachapishwa katika Gazeti Rasmi la Serikali, lazima ifikishwe Bungeni ndani ya siku saba za vikao, na isipofikishwa inakufa. Ikifika, iko kamati maalum ya kuichunguza, na kamati hiyo inaweza kuikataa. Kwa hiyo hata kanuni ikikupita mara ya kwanza, bado kuna mlango wa pili.

Lakini mlango ulio karibu nawe zaidi ni wa kaunti. Kwa mujibu wa Katiba, zahanati na vituo vya afya ni kazi ya kaunti. Kutoa leseni kwa wanaouza vyakula ni kazi ya kaunti. Taka, masoko, shule za chekechea, hata udhibiti wa dawa za kulevya, zote zimeandikwa chini ya kaunti. Kila mwaka bunge la kaunti hupokea mswada wa fedha unaoweka ada, ikiwemo ada ya wewe unayeuza viazi karai na bajia barazani. Na usidhani maoni yako huko ni mchezo. Mwaka wa 2014 Mahakama Kuu ilifuta Sheria ya Fedha yote ya kaunti ya Kiambu kwa sababu wananchi hawakushirikishwa vya kutosha. Kaunti nzima ilirudi kuanza upya.

Bajeti nayo ina kalenda yake, iandike ukutani kando ya kadi ya kliniki ya mtoto. Kufikia tarehe 28 Februari, kaunti hupeleka katika bunge lake karatasi ya mpango wa matumizi. Kufikia tarehe 30 Aprili hupeleka makadirio ya bajeti yenyewe. Mwaka wa fedha unaisha tarehe 30 Juni. Ukija kulalamika Agosti kwamba zahanati haina dawa ya minyoo, nitakusikiliza, lakini pesa zilishagawanywa. Miezi ya kusema ni ile ya kuanzia Februari hadi Mei.

Niingie kidogo kwenye bima ya afya, maana maswali yake ni mengi kliniki. Bima mpya ilianza tarehe 1 Oktoba 2024. Kanuni zake za 2024 zilisema familia ichangie asilimia 2.75 ya pato lake, na isiwe chini ya shilingi 300 kwa mwezi. Sasa, anayeajiriwa hukatwa kila mwezi, haoni uchungu mkubwa. Lakini asiyeajiriwa alitakiwa alipe ya mwaka mzima kwa pamoja. Hata kwa kile kiwango cha chini kabisa, hizo ni shilingi 3,600 kwa mkupuo mmoja. Mwenye mshahara anayeandika kanuni ofisini anaweza asione tofauti yoyote kati ya 300 mara 12 na 3,600 mara moja. Anayeuza mahamri Kibokoni anaiona mara moja, maana yeye hela yake ni ya leo kwa leo. Watu waliitwa kutoa maoni juu ya kanuni hizo mwanzoni mwa 2024. Mwezi wa Julai mwaka huo Mahakama Kuu hata ilisema sheria zenyewe za afya zilipitishwa bila wananchi kushirikishwa vya kutosha, ingawa Mahakama ya Rufaa ilisimamisha hukumu hiyo mwezi wa Septemba na bima ikaanza. Hayo ya mahakama waachie mawakili. Mimi nataka uone kwamba ile hesabu ya 3,600, hakuna profesa anayeweza kuieleza kukushinda wewe.

Basi unafanyaje?

Kwanza ni kusikia. Matangazo huwekwa magazetini, kwenye redio, kwenye ofisi ya wadi, na siku hizi yanazunguka kwenye simu. Kisiwani tuna wadi tano, zote za Mvita: Mji wa Kale/Makadara, Tudor, Tononoka, Shimanzi/Ganjoni na Majengo. Jua wadi yako na ujue mwakilishi wako kwa jina na kwa simu. Mhudumu wa afya ya jamii anayekutembelea nyumbani, muulize kila anapokuja: kuna kikao gani mwezi huu? Na kama kikundi chenu cha mchezo wa pesa kina wanachama kumi na wawili, mmoja wenu apewe kazi ya kufuatilia matangazo, kama vile mmoja wenu anavyopewa kazi ya kuweka daftari.

Pili, itafute karatasi yenyewe kabla ya kwenda. Watu wengi wanakwenda wakiwa wamesikia uvumi tu. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inakupa haki ya kuomba hati kutoka ofisi ya umma, na wanatakiwa wakujibu ndani ya siku 21. Na kama ni jambo la kuokoa uhai, ndani ya saa 48. Unaweza kuomba kwa Kiswahili. Kifungu cha 7 cha Katiba kinasema Kiswahili ni lugha ya taifa na tena ni lugha rasmi, kwa hiyo usikubali mtu akutie haya kwa sababu karatasi imekuja kwa Kiingereza. Mpelekee binti yako aliyesoma akufasirie kile kifungu kimoja au viwili vinavyokuhusu. Hakuna anayesoma zote, hata wanaozipitisha, Mungu anisamehe.

Tatu, sema jambo moja, na ulisema kwa ushahidi wa maisha yako. Hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo akina mama wanapojidharau. Wanadhani maoni ni hotuba. Nitatoa mfano wa kubuni. Tuseme kaunti imeleta mswada wa kudhibiti vibanda vya muguka, na kifungu kimoja kinasema kibanda kisiwe chini ya mita 50 kutoka shule. Aliyekiandika ana nia njema. Lakini wewe mkaazi wa Mji wa Kale unakisoma unacheka. Je, chuo cha Kurani kilicho orofa ya pili juu ya duka ni "shule"? Na chekechea ya mama fulani sebuleni mwake? Halafu hizo mita 50 zinapimwa vipi? Kwetu nyumba zimeshikana, njia zinapinda. Ukipima kwa kutembea unapita kona tatu; ukipima kwa kamba juu ya mapaa, kibanda kiko nyuma ya ukuta wa darasa. Haya hayamo kwenye kitabu chochote cha mwanasheria. Yamo kichwani mwa anayempeleka mtoto chuoni kila alasiri.

Basi unaandika hivi, kwa kalamu, kwenye karatasi ya daftari ukitaka:

"Kwa Karani, Bunge la Kaunti ya Mombasa. Mimi ni mama wa watoto wanne, mkaazi wa wadi ya Mji wa Kale/Makadara. Naandika juu ya kifungu cha mita 50. Naomba neno shule liongezwe chuo, madrasa na chekechea, hata zikiwa ndani ya nyumba. Naomba pia iandikwe kwamba umbali utapimwa kwa mstari ulionyooka, si kwa njia ya kutembea, kwa sababu mtaani kwetu njia zinazunguka. Watoto wangu wawili wanapita kibanda kama hicho kila siku saa nane. Jina langu, sahihi yangu, tarehe."

Basi. Mistari saba. Weka nakala moja, na nakala hiyo igongwe muhuri wa kupokewa. Muhuri ule ni muhimu kuliko maneno matamu, maana siku jambo likifika mahakamani, ndio ushahidi kwamba ulisema. Mkiwa wengi mnaosema jambo moja, wekeni sahihi pamoja. Na kama hakuna kikao chochote kilichoitishwa, kifungu cha 37 cha Katiba kinakuruhusu kupeleka ombi kwa serikali bila kungoja kuitwa.

Sasa yale mnayoniambia kwenye foleni ya kupima watoto uzito.

"Dada muuguzi, wameshaamua hao, wanatuita kutuonyesha tu." Mara nyingine ni kweli. Nimeona ofisi moja, siitaji, ikibandika tangazo Alhamisi alasiri la kikao cha Ijumaa saa sita na nusu. Ijumaa saa sita na nusu, Mji wa Kale! Nani atakuwepo? Lakini kwa kikao kama hicho dawa yake si kukaa nyumbani. Dawa yake ni kuandika mistari mitatu kwamba taarifa ilikuwa ya siku moja na saa ilikuwa ya sala, mkaipeleka ikagongwa muhuri. Mmekwisha kusikia mahakama inavyosema juu ya taarifa fupi.

"Mimi nina mtoto mchanga." Nenda naye. Unyonyeshe pale pale, umejifunika mtandio, hakuna anayekukataza. Ombeni viti vya upande wa akina mama na ombeni zamu ya kusema mapema, kabla ya wazee kumaliza saa zima kwa salamu na itifaki. Mlezi wa mtoto mwenye ulemavu aombe mapema mkalimani wa lugha ya ishara au ukumbi usio na ngazi. Ukumbi wa Tononoka tunaufahamu sote, lakini wenye vyumba vya juu ofisini husahau kuwa kuna kiti cha magurudumu.

"Mume wangu atasema nimeingia siasa." Mwambie unakwenda kuzungumzia muguka na dawa za zahanati. Akiendelea kununa, mwambie aje naye. Kina baba nao wana watoto, ingawa kliniki hatuwaoni.

"Huko kunagawanywa soda na nauli, tutaonekana tumenunuliwa." Soda kunywa, joto la Mombasa mnalijua. Ila likija suala la sahihi, fungua macho. Kwenye kila kikao hupitishwa karatasi ya kuandika jina, nambari ya kitambulisho na sahihi. Kabla hujaandika, soma kichwa cha karatasi ile. Iandikwe tarehe, mahali, na kwamba ni orodha ya waliohudhuria. Ikiwa kichwa hakina kitu, kiandike wewe kwa mkono wako. Ikiwa inasema "waliokubali", na wewe hukukubali, usitie sahihi. Andika pembeni "nimehudhuria, maoni yangu nimeyapeleka kwa barua". Wale mliokuja na simu, pigeni picha ya karatasi hiyo na ya tangazo la kikao, mzihifadhi pamoja na nakala yenu yenye muhuri.

Wiki ijayo tutarudi kwenye mambo yetu ya kawaida, nitazungumza juu ya mtoto anayeharisha msimu wa mvua na namna ya kuchanganya maji ya chumvi na sukari. Kwaherini.